Omaha, Algiers au Thiaroye: Uchague Kipande Gani cha Filamu ya Vita Ukichambue

Kila likizo ya skuli ikikaribia, vijana wa kikundi chetu cha kutazama filamu hapa Ng'ambo huniuliza swali lilelile: "Maalim, safari hii tunachambua nini?" Mwaka huu walikwisha kubaliana wenyewe. Wanataka filamu ya vita, na wanataka kila mmoja achukue kipande kimoja tu, si filamu nzima, akieleze kwa mtindo wake wa picha na kwa ishara zake. Baada ya mabishano ya wiki mbili walibakisha vipande vitatu. Nimevitazama vyote upya, kimoja mara tano, na ninaandika haya kwa ajili yao na kwa mwalimu yeyote wa Unguja au Pemba anayetaka kufanya zoezi kama hili na wanafunzi wake.

Cha kwanza ni kule kushuka kwa askari wa Marekani kwenye ufukwe wa Omaha, mwanzoni mwa Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, filamu ya 1998. Cha pili ni wanawake watatu wanaobadili mavazi mbele ya vioo na kwenda kutega mabomu, katika The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, ya 1966, inayohusu Waalgeria waliopigania uhuru wao kutoka kwa Wafaransa. Cha tatu ni usiku wa mwisho katika Camp de Thiaroye, filamu ya 1988 ya Sembène Ousmane na Thierno Faty Sow wa Senegal.

Kabla ya kuvipima, niseme ninapima kwa nini. Masomo ya fasihi yametuzoesha kukimbilia orodha. Mwanafunzi akisikia neno "taashira", yaani kitu kinachosimamia maana nyengine, anaandika haraka: nyekundu ni damu, njiwa ni amani, giza ni uovu. Orodha hiyo inapata maki kwenye mtihani, lakini haimfundishi kutazama. Mimi nataka aanzie upande mwengine kabisa. Kitu hiki kinafanya kazi gani ndani ya hadithi? Kofia ya chuma ni ya kukinga kichwa. Shuka ni ya kusitiri mwili. Chupa ya maji ni ya kunywea. Ukishaijua kazi ya kitu ndipo utaona filamu inakigeuza vipi, na ishara inazaliwa pale pale kinapogeuka. Swali la pili ni dogo zaidi na gumu zaidi: kamera imesimama upande wa nani, na ni nani ambaye uso wake hatuuoni?

Sisi wa visiwa hivi tuna sababu yetu ya kuliuliza swali hilo. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vilikwisha kabla ya saa moja kutimia, na picha zake zinazojulikana zaidi ni za majumba ya mfalme yaliyobomoka, zilizopigwa baada ya mizinga kunyamaza. Magofu yapo, waliokuwa ndani hawapo. Halafu kuna zile picha za Mapinduzi ya Januari 1964, zilizopigwa kutoka angani na Waitaliano na kutiwa katika filamu yao Africa Addio iliyotoka 1966. Kutoka kule juu watu ni nukta juu ya mchanga. Hawana sura, hawana majina, na anayesema kwa niaba yao ni msimulizi wa mbali asiyewajua. Sitaki kijana aliyezaliwa hapa ajifunze kutazama vita kwa jicho lile.

Omaha: mahali pa kujifunzia ufundi

Anayetaka kuelewa kwamba mtindo wa picha ni kazi ya mikono, na si bahati, aanzie hapa. Kipande kina urefu wa yapata dakika 24. Kinaonesha asubuhi ya 6 Juni 1944 katika pwani ya Normandy, Ufaransa, ingawa kilipigwa kwenye fukwe za Wexford, Ireland. Msimamizi wa picha alikuwa Janusz Kamiński, na alifanya mambo matatu ambayo naweza kumweleza hata mtoto wa darasa la saba.

Alibandua ule utando wa kinga unaopakwa juu ya vioo vya lenzi, ili mwanga utawanyike kama ulivyokuwa ukitawanyika katika lenzi za zamani. Akazipunguza rangi nguvu wakati wa kusafisha mkanda, kijani cha sare na buluu ya bahari vikakauka mpaka vikakaribia majivu. Jambo la tatu ndilo linalowashangaza vijana kila mara: shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga ufike kwenye mkanda. Filamu ya kawaida hupiga picha 24 kwa sekunde, na shata ya nyuzi 180 huiacha kila picha ipokee mwanga kwa 1/48 ya sekunde. Ndiyo maana kitu kinachokimbia huacha ukungu mdogo nyuma yake, na jicho letu huuona mwendo kuwa laini. Kamiński aliibana shata hadi nyuzi 90 na kwengine 45, yaani 1/192 ya sekunde. Ukungu ukatoweka. Kila chembe ya mchanga unaorushwa na bomu inaonekana peke yake, na watu wanakwenda kwa mikatiko, kama moyo uliokosa mapigo.

Sauti nayo ina somo lake. Katika mapigano yale hakuna muziki hata kidogo. Kapteni Miller, anayeigizwa na Tom Hanks, anapozibwa masikio na mlipuko, nasi tunazibwa. Kelele zote zinageuka mvumo kama wa kombe uliloliweka sikioni, na askari mmoja mbele yake anasema maneno tusiyoyasikia. Kamera inapozama chini ya maji, risasi zinapita kimya. Kwa dakika hizo hatutazami vita kutoka nje, tumetiwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Ishara zake ni chache, na zile chache ni nzuri. Kitu cha kwanza tunachokiona cha Miller ni mkono wake unaotetemeka akifungua chupa ya maji. Hatujui jina lake wala cheo chake, lakini tunaujua mkono. Na mwishoni, maji yaliyogeuka mekundu yanaposukuma maiti mchangani, kati ya maiti wamo samaki waliokufa. Kwa mtoto wa Nungwi au wa Wesha hilo halihitaji kufundishwa. Samaki waliotupwa na maji ufukweni ni habari mbaya hata kabla hujaambiwa habari yenyewe. Na pwani yetu haikuwa nje ya vita vya wakubwa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Uingereza, Pegasus, ilipigwa na Königsberg ya Wajerumani hapa hapa bandarini, na mabaharia wake wamezikwa Chapwani, kile kisiwa kidogo unachokiona ukisimama Forodhani.

Upungufu wake uko katika lile swali la kamera. Inakaa chini, kifudifudi na Wamarekani, na hilo ndilo linaloipa nguvu. Lakini kila inapopanda juu kwenye mahandaki ya Wajerumani, tunaoneshwa migongo. Kivuli cheusi, bunduki ya rasharasha, na ufukwe chini yake. Mwanafunzi atakayechagua kipande hiki lazima aliseme hilo. Si kosa la fundi, ni uamuzi wake, na uamuzi unachambuliwa kama rangi inavyochambuliwa. Asipoliona, uchambuzi wake utakuwa sifa kwa mashine.

Jambo jengine: damu. Kipande hiki hakifai kuwekwa mbele ya watoto wadogo, na hata wakubwa huwakaba maneno. Nimesoma kurasa nne za kijana mwerevu sana ambaye alichoweza kusema ni kwamba inatisha, kisha kwamba inatisha sana.

Algiers: shuka, kioo na uso

Hiki ndicho nilichokitazama mara tano.

Filamu yote ni ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye chenga kama habari za zamani za sinema, kamera ikichungulia kati ya mabega ya watu. Wengi walidhani ni picha za tukio la kweli, na ilipopelekwa Marekani ilibidi itangazwe kwamba hakuna hata futi moja ya mkanda wa habari ndani yake. Marcello Gatti, msimamizi wa picha, ndiye aliyeitengeneza sura hiyo kwa makusudi. Ilipigwa Algiers penyewe, miaka michache tu baada ya uhuru wa 1962, na karibu watu wote unaowaona hawakuwa waigizaji. Kanali Mathieu, mkuu wa askari wa Kifaransa, aliigizwa na Jean Martin, ambaye ndiye mwigizaji pekee wa kazi. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa mji ule, alishiriki kuitayarisha na akaigiza nafasi iliyokuwa yake mwenyewe. Mtoto wa Mkunazini ataijua Casbah, mji mkongwe wa Algiers, kabla hajaambiwa: vichochoro vinavyopinda, kuta zinazokaribiana, paa moja linaloliona paa la pili.

Kipande chenyewe kinaanza chumbani. Wanawake watatu wamesimama mbele ya vioo. Wanavua haik, ile shuka kubwa nyeupe ya wanawake wa Algeria inayofunika kutoka kichwani hadi miguuni. Wanakata nywele, wanazitia rangi, wanapaka rangi ya midomo, wanavaa magauni ya Kizungu. Hawazungumzi. Kinachosikika ni ngoma, pigo moja lisilobadilika, linaendelea na kuendelea mpaka unahisi linapigwa kifuani mwako.

Tulipokitazama mara ya kwanza, bibi wa nyumba tunayokutania alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akichambua mchele. Vijana walikuwa wanasubiri mabomu. Yeye aliacha mchele wake pale pale kwenye kioo, akasema: "Huyo havui shuka, wanangu. Huyo anajivua mwenyewe." Nikamuuliza ameonaje. "Tizama macho yake. Mtu anayejipamba anajitazama akafurahi. Huyo anajitazama kama anamtazama mgeni."

Sijasoma maelezo bora kuliko hayo kuhusu kioo kile. Pontecorvo anaipanga kamera ili nyuso za wanawake tuzione ndani ya kioo, na kwenye kioo kila mmoja anamwona adui wake akitengenezwa kutokana na sura yake mwenyewe.

Hapa msomaji wa Zanzibar ana mtaji ambao mwengine hana. Sisi tunajua kwamba vazi la kusitiri si kitambaa tu, na kwamba linaweza kubadili maana bila kubadili mshono. Bibi zetu walipoanza kuvaa buibui mwanzoni mwa karne ya 20, wakiwamo waliokuwa watumwa na watoto wa watumwa, vazi lile lilikuwa tamko: mimi nami ni muungwana, nami nina heshima ya kusitiriwa. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hatasema kwa haraka kwamba haik ni dhuluma, wala kwamba ni utakatifu. Atauliza kazi yake. Mapema katika filamu, askari wa Kifaransa anataka kumpekua mwanamke aliyevaa haik, mwanamke anapiga kelele, na askari anarudi nyuma. Shuka ni ngao. Baadaye shuka hiyohiyo inapitisha silaha. Sasa Wafaransa wameanza kuishuku, nayo inavuliwa, na gauni la Kizungu linachukua kazi yake yote. Siku ile buibui lao lilikuwa gauni fupi na rangi ya midomo. Kwenye kizuizi askari anamtania mmoja wao, anatabasamu, anampisha. Amemtazama mwili mzima na hakumwona.

Ukitaka kumfundisha mtu taashira kwa mfano mmoja tu, mfundishe huu. Kitu kilekile kimegeuka mara tatu, na kila mgeuko umesababishwa na jambo katika hadithi, si na mwandishi aliyetaka kutuonesha ujuzi.

Kisha kinakuja kilicho kizito. Kamera inaingia mkahawani pamoja na mwanamke na kapu lake, na inafanya jambo ambalo filamu nyingi za vita haziwezi. Inatazama nyuso za watakaokufa. Inazitazama moja moja, kwa karibu, bila haraka. Vijana wanacheza muziki. Mtoto anakula aiskrimu. Saa ukutani. Mwanamke anawaona wote hawa, nasi tunawaona kwa macho yake, halafu anainuka na kuondoka.

Vijana wangu waliniuliza, na wako watauliza: filamu hii inawaunga mkono waliotega mabomu? Usilikimbie swali. Warudishe nyuma kidogo, pale bomu la polisi wa Kifaransa lililotegwa usiku linapobomoa nyumba za Casbah na watoto wanatolewa chini ya vifusi. Muziki wa maombolezo unaopigwa juu ya maiti hao ndio unaopigwa juu ya maiti wa mkahawani. Ni uleule. Mwongozaji hakuandika kilio kimoja cha Waarabu na chengine cha Wazungu. Hayo ni maelezo ya mtindo, yanasikika kwa masikio, na yanatosha kufungua mjadala wa maadili bila mwalimu kuhubiri. Lakini lazima uwe tayari kwa mjadala huo. Mimi sikuwa tayari mara ya kwanza, na kikao kilivunjika watu wamenuniana.

Nirudi kidogo kwenye zile picha za angani. Filamu ile nayo ni ya Waitaliano, nayo ni ya 1966. Mwaka mmoja, nchi moja ya mafundi, bara moja linalopigwa picha. Kamera moja ilipanda juu ya ufukwe wetu, na nyengine ikashuka kichochoroni ikatazama uso wa mtoto. Mwanafunzi akishaliona hilo, sina la kumwongezea kuhusu maana ya pembe ya kamera.

Thiaroye: kofia ya bubu

Vijana waliotazama hivi viwili kwanza huona cha tatu kimepoa. "Maalim, hii haina ufundi." Nawaelewa. Sembène haitikisi kamera. Anaiweka, anawaacha watu waingie ndani ya picha, wazungumze, wabishane, watoke. Picha ni pana, rangi ni za kawaida, kambi inaonekana kama kambi: mabanda, mchanga, mnara wa ulinzi, senyenge.

Habari yenyewe ni ya kweli. Askari wa Kiafrika waliopigania Ufaransa, wengi wao wakiwa wametoka kifungoni kwa Wajerumani, walirudishwa Senegal mwishoni mwa 1944 na kuwekwa katika kambi ya Thiaroye, karibu na Dakar. Walidai malipo yao. Asubuhi ya 1 Desemba 1944 jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi. Hesabu rasmi ilikuwa watu 35, na wanahistoria wengi hawaikubali. Ilichukua mpaka Novemba 2024 kwa rais wa Ufaransa kukiri kwa maandishi kwamba yalikuwa mauaji ya kikatili. Filamu ilitengenezwa kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia, bila ya fedha za Ufaransa, na ikapata tuzo maalumu ya majaji huko Venice. Mwenye babu aliyekuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (King's African Rifles), aitazame akimkumbuka. Mwaka huohuo wa 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa misituni Burma, wakipigana vita vya mfalme wa watu wengine.

Ndani ya kambi yumo mtu anayeitwa Pays, neno la Kifaransa lenye maana ya "nchi". Alikuwa kifungoni Buchenwald, kambi ya Wanazi huko Ujerumani, na tangu hapo hasemi. Ni bubu. Kichwani amevaa kofia ya chuma ya Kijerumani na haivui. Siku ya kwanza kambini anaigusa senyenge kwa kidole, na papo hapo filamu inakatiza kwa picha nyeusi na nyeupe za kambi ya Wanazi. Askari mwenzake anauchota mchanga na kumtia kiganjani, kumwonesha kwamba hapa ni Afrika, wamefika nyumbani.

Itazame ile kofia kwa kipimo chetu cha kazi. Kofia ya chuma ni ya kukinga kichwa. Ya Pays haikingi chochote, vita vimekwisha. Ni kofia ya waliomfunga, amewashinda na kuibeba kama ngawira, na wakati huohuo ni ya waliomfunga, kwa hiyo bado wamemkalia kichwani. Haya yote mawili ni kweli kwa pamoja. Halafu ongeza kofia nyengine. Askari hawa walifika na sare za Kimarekani, nzuri, za watu wazima. Maofisa wanazichukua na kuwarudishia sare za zamani za askari wa koloni, pamoja na tarbushi nyekundu. Mwanafunzi wa Zanzibar hahitaji kuelezwa tarbushi ni nini wala kwamba huvaliwa kwa heshima, na ndiyo maana ataona uchungu wa heshima ya mtu kugeuzwa sare ya utumishi. Uchambuzi mzima unaweza kuandikwa kwa kufuata vichwa tu: nani amevaa nini, nani amevuliwa, nani hakubali kuvua.

Usiku wa mwisho wameahidiwa fedha zao. Wamefurahi, wamecheza, wamelala. Pays yuko mnarani peke yake. Anaviona vifaru vinakuja na taa zao. Anateremka, anakimbia banda kwa banda, anawavuta wenziwe, anatoa sauti zisizo maneno. Wanamhurumia. Wanadhani ameirudia Buchenwald. Wanambembeleza arudi kulala.

Tuna msemo kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Huyu ana macho, na hana ulimi wa kuwaambia wengine watazame. Hapo ndipo utulivu wote ule wa kamera unapolipa. Kwa saa mbili tumezoeshwa kuiona kambi ile kwa jicho pana na lisilo na haraka, mpaka nasi tumeamini kwamba ni kambi tu. Senyenge ilikuwa pale siku zote. Mnara ulikuwa pale. Aliyeuona mfano wao mapema ni mmoja, naye tulimwona mgonjwa. Ishara katika filamu hii haikufichwa mahali popote, ilikuwa mbele yetu mchana kweupe, na tulimpigapiga bega.

Ugumu wake ni huu: kipande hakisimami peke yake. Cha Omaha unaweza kukionesha bila filamu, cha Algiers kwa maelezo ya dakika mbili. Cha Thiaroye kinataka filamu nzima, na filamu nzima ni ya yapata saa mbili na nusu.

Ukiviweka bega kwa bega

Anza na rangi, kwani hapo tofauti inaonekana haraka. Omaha ina rangi iliyonyongwa. Algiers haina rangi kabisa, na kule nyeusi na nyeupe inasema: hii ni habari, imetokea, amini. Thiaroye ina rangi kamili, na nyeusi na nyeupe inaingia kwa nukta chache kusema kinyume chake: hii ni kumbukumbu ya mtu mmoja, wengine hawaioni. Chombo kilekile kina maana mbili zisizofanana. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "nyeusi na nyeupe huashiria zamani" atakwama hapa, na akikwama vizuri atajifunza.

Sauti pia. Omaha inakunyima muziki, Algiers inakupa ngoma kabla ya vifo na maombolezo baada yake, Thiaroye inakupa mtu anayetaka kusema asiweze.

Kwa nani kipi? Kijana anayependa kamera, anayepiga picha za harusi au anayetaka kuja kutengeneza filamu yake ioneshwe Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, nitampa Omaha. Atahesabu, atapima, atajaribu mwenyewe hata kwa kamera ya simu inayokubali kubadilishwa kasi ya shata, na ataelewa kwa nini kitu kimoja kinaonekana hivi na chengine vile. Asitarajie kupata kurasa nyingi za ishara. Msomaji wa fasihi, yule anayesoma riwaya mara mbili, nampa Thiaroye, kwa sharti aitazame yote na asiwe na haraka. Kundi la watu kumi na tano wenye tabia tofauti, wakubwa kwa wadogo, wenye saa mbili tu, linafaa kupewa Algiers. Ina ufundi wa kuhesabika na ina ishara inayogeuka mbele ya macho yako, na wasichana wa kundi, ambao katika filamu za vita huwa wanangoja watu warudi, safari hii wana la kusema kabla ya wavulana. Kwangu hilo ni kubwa. Msichana mmoja aliyekuwa hajafungua mdomo tangu Ramadhani alizungumza robo saa juu ya namna mkono unavyoitafuta shuka ambayo haipo tena begani.

Kuhusu lugha, hakuna kimoja kati ya hivi kitakachokuja na maandishi ya Kiswahili. Algiers ni Kifaransa na Kiarabu, Thiaroye ni Kifaransa na Kiwolofu. Mimi huwatafsiria kwa mdomo, lakini si mara ya kwanza. Mara ya kwanza tunazima sauti kabisa na kutazama picha tu. Mara ya pili tunageuza skrini ukutani na kusikiliza. Mara ya tatu ndiyo tunaviunganisha, na kufikia hapo kila mmoja ana karatasi iliyojaa. Anayeanza na tafsiri huishia kuchambua mazungumzo.

Kwa hiyo Alkhamisi hii, baada ya Isha, tunaanza na kioo. Nitaisimamisha picha pale mkasi unapoingia kwenye nywele, kabla ya gauni, kabla ya kapu, na swali la kwanza litakuwa moja tu: ndani ya chumba hiki cha wanawake, kamera imekaa mahali pa nani? Bibi wa nyumba ameshatuma ujumbe kwamba mchele atauchambua mchana, na kiti chake kiwekwe mbele.